Shingo inauma: uende kwa nani?

Tangu niandike ile makala ya macho kuwasha kwa kukodolea kompyuta, barua pepe zinazoingia ni za watu wenye shingo. Kaka mmoja wa Mwanza anasema yake imekataa kugeuka kushoto wiki nzima, akiitwa inabidi ageuke mwili mzima kama kabati. Dada wa Tanga anasema maumivu yanaanzia kwenye kisogo, yanapita begani, yanashuka mpaka kidole gumba. Mwingine yuko Sinza, yeye kauliza kifupi tu: "Bro, niende kwa nani?"

Hilo swali la Sinza ndilo nitakalolijibu leo, kwa sababu wengi wetu hatujiulizi. Tunakwenda kwa aliye karibu. Kama kuna duka la dawa pale kona, basi huyo ndiye daktari. Kama jirani ana bibi anayekanda, twende kwa bibi. Mwenye hela kidogo anarukia Muhimbili moja kwa moja na kutaka apigwe MRI. Mimi si daktari, naliweka wazi hilo mapema. Lakini nimekaa kwenye viti vya kafe miaka mingi, shingo yangu imeshanipeleka kwa watu mbalimbali, na nimesoma na kuuliza vya kutosha kujua jambo moja: mtu wa kwenda kumwona anategemea shingo imekuja NA NINI. Ukali wa maumivu haukwambii sana. Kuna shingo inayouma mpaka machozi na itapona yenyewe, na kuna shingo inayokaza kidogo tu na mwenyewe ana saa chache za kuwahi hospitali.

Shingo ina pingili saba, na juu yake kuna kichwa ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu mpaka 5 hivi. Ukikiweka sawa juu ya mabega, misuli haisumbuki sana. Ukiinama kuangalia simu, mzigo unaongezeka. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu akaona kwamba ukiinamisha kichwa nyuzi 60, shingo inabeba kama kilo 27. Ni hesabu tu, hakuwapima watu, lakini ukitazama tulivyojikunja humu ndani utaelewa kwa nini nimeitaja. Shingo nyingi za vijana ni za namna hii: misuli imechoka, umelala vibaya, umebeba zege, umeendesha bodaboda kutwa. Hizo nyingi hutulia ndani ya siku chache mpaka wiki kadhaa, uende kwa mtu au usiende.

Sasa zile ambazo hazisubiri.

Ya kwanza ni homa. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kinachopasuka, mtu hataki mwanga, anatapika au anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka: hiyo ni HOSPITALI, sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mwambie ashushe kidevu kiguse kifua. Akishindwa kwa sababu nyuma ya shingo panavuta na pana maumivu, usipoteze muda. Akiweza, bado dalili nyingine zinatosha kumpeleka.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Kwetu mtu akiwa na homa na kichwa, jibu liko tayari mdomoni: malaria. Akianza kuweweseka tunasema malaria imepanda kichwani. Mtaani kwetu kuna kijana alikuwa kidato cha tatu, alikaa siku tatu ndani akimeza dawa mseto aliyonunuliwa dukani bila kupimwa. Siku ya pili alishalalamika shingo, mama yake akamchua kwa mafuta ya nazi. Siku ya tatu hakumtambua baba yake. Walipomfikisha hospitali, wakamchoma sindano ya mgongoni kutoa maji ya kupima, ndipo ikajulikana. Alipona, mshukuru Mungu, lakini sikio la kushoto halisikii tena mpaka leo. Kupoteza usikivu ni moja ya alama ambazo ugonjwa huu huacha. Kipimo cha malaria ni cha dakika chache, na hata kikisema ana malaria, shingo iliyokakamaa bado inatakiwa ionwe na daktari. Na kwa mdau anayeishi na virusi vya ukimwi: kwako homa ya uti wa mgongo inaweza kuja polepole, kichwa kinauma wiki mbili tatu, shingo inakaza kidogo kidogo. Usisubiri ifike kuweweseka.

Ya pili ni ajali. Umeanguka na bodaboda, umedondoka kwenye mwembe, umepiga mbizi Coco Beach maji yakiwa mafupi, na sasa shingo inauma katikati kwenye mfupa au mikono ina ganzi. Hapo wa kwanza kukudhuru anaweza kuwa msamaria mwema. Tumezoea kumnyanyua majeruhi miguu huku, mikono kule, kichwa kinaning'inia, anapakizwa kwenye bajaji. Kama pingili imevunjika, safari hiyo inaweza kumpooza. Mwacheni alale, mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, na akihamishwa ahamishwe juu ya kitu kigumu kama ubao au mlango, mwili wote kwa pamoja. Na hii habari ya PF3: ni kweli majeruhi wa ajali anadaiwa fomu ya polisi, lakini aliye mahututi anatakiwa ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Msimzungushe kituoni mtu anayeshindwa kusogeza mikono.

Nyingine nazitaja haraka. Taya zimekaza haziachani na wiki moja mbili nyuma ulichomwa na msumari au ulijikata: pepopunda, hospitali. Mikono imekuwa dhaifu, vikombe vinakudondoka, miguu inatembea kama si yako, mkojo hauzuiliki au hautoki: uti wenyewe unabanwa, hospitali leo. Maumivu makali yaliyokuja ghafla upande mmoja wa shingo pamoja na kizunguzungu, kuona viwiliwili au ulimi kuwa mzito: hospitali kwa mbio. Mzee wako anasema shingo na taya vinauma huku kifua kinabana: huo unaweza kuwa moyo. Na ile inayokwenda taratibu, shingo inauma wiki hata wiki, zaidi usiku, unakonda, unatoka jasho la usiku: hapo nenda ukapimwe, kwa sababu kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kula mifupa ya uti wa mgongo. Dawa zake ni bure nchini, ila lazima kwanza ijulikane kwamba ndicho.

Haya. Kama hayo yote huna, pumua. Umebaki kwenye kundi la wengi, na hapa ndipo kuchagua kunakuwa na maana, maana kila mtu atataka hela yako.

Tuanze na duka la dawa. Kwa siku mbili tatu za kwanza halina ubaya. Paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku nzima. Diklofenaki inasaidia, lakini si pipi. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu, mwenye presha na mjamzito wasiiguse bila kuuliza, na usiichanganye na ibuprofen, maana ni ndugu, unaongeza madhara tu. Kitu kinachonikera ni ile "dozi" ya vidonge vinne vya rangi tofauti vilivyofungwa kwenye karatasi. Uliza jina la kila kidonge. Muuzaji akishindwa au akichukia, rudisha. Wengine hutia humo dawa za jamii ya predinisoloni, maumivu yanapotea siku hiyohiyo, unamsifu, kumbe umefichiwa tatizo na umejengewa mengine.

Sasa kinyozi. Wadau wa kiume, tusikilizane. Umenyolewa vizuri, umefanyiwa skrabu, umekandwa mabega, raha mustarehe. Halafu jamaa anashika kidevu kwa mkono mmoja, kisogo kwa mwingine, anakuzungusha kidogo kukupima, mara KAA! Upande wa pili, KAA! Unatoka unaona mji mpya. Nami naijua hiyo raha, sikatai. Lakini ule mlio si mfupa unarudi mahali pake. Ni hewa iliyomo kwenye majimaji ya viungo, kama unavyovunja vidole. Misuli inalegea kwa muda, basi. Na ndani ya zile pingili za shingo kuna matundu, yanapita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo wa nyuma. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na kwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, bonge likapanda, na kijana wa miaka 28 akapata kiharusi. Haitokei mara nyingi. Lakini imeandikwa kwenye majarida ya madaktari mara kwa mara, na ndiyo sababu wanaofanya kazi hii kwa kusomea huuliza maswali na kupima kwanza kabla ya kugusa. Kinyozi wako anakuuliza nini? "Nikuweke spirti?" Tena mara nyingine mshipa unakuwa umeshaanza kuchanika wenyewe, dalili yake ikiwa hayohayo maumivu ya shingo yaliyokupeleka kwake. Mwambie akukande mabega, shingo aiache.

Bibi anayekanda je? Kukanda taratibu kwa mafuta na kitambaa cha maji ya moto, mimi sina ugomvi nako. Joto linalegeza misuli, na mkono wa mtu anayekujali una kazi yake. Mipaka yangu ni mitatu: asivute wala kuzungusha shingo, asiguse shingo ya mtu aliyepata ajali, na asichanje kwa wembe. Chale za shingoni hazitoi maumivu ya misuli, na wembe uliopita kwa mwingine unaweza kukuachia virusi vya ukimwi au homa ya ini. Waganga wa tiba asili wana sheria yao tangu mwaka 2002 na wana Baraza lao la kuwasajili, kwa hiyo una haki ya kuuliza usajili. Waunga mifupa wanasifika vijijini kwa mikono na miguu, lakini shingo si mguu. Kosa la mguu utachechemea, kosa la shingo hutainuka kitandani.

Mtu ambaye ningependa wote mumjue ni huyu anayefuata: mtaalamu wa fiziotherapia. Watu wanadhani kazi yake ni wazee waliopata kiharusi na watoto waliochelewa kutembea. Kumbe shingo na mgongo ni mkate wake wa kila siku. Wengi wao nchini wamepita chuo cha KCMC pale Moshi, na utawakuta hospitali za rufaa za mikoa, MOI, CCBRT, Bugando na baadhi ya hospitali za wilaya na za misheni. Mimi nilipokwenda, dada yule hakuanza na kunishika. Alinipa kiti akaniambia, "Kaa kama unavyokaa kazini." Nikakaa. Akacheka. Akanipima nguvu za mikono, akanigonga viwiko kwa kinyundo, akanigeuza shingo polepole huku na huku, ndipo akanipa mazoezi matatu na kunionya nisiyafanye kwa fujo. Kurudisha kidevu nyuma kama unatengeneza kidevu cha pili, unahesabu tano, mara kumi. Kubana mabega kwa nyuma kama unataka kushika penseli katikati ya mgongo. Kugeuza shingo kushoto na kulia mpaka pale inapovuta, bila kulazimisha. Mara tatu kwa siku. Akanitaka nirudi baada ya wiki mbili, na hakuna kidonge alichonipa.

Najua mtasema mazoezi ni maneno ya kumridhisha mgonjwa asiye na hela. Mwaka 2012 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 272 waliokuwa na maumivu ya shingo ya wiki chache. Kundi moja lilipewa dawa, la pili lilinyooshwa shingo na wataalamu waliosomea, la tatu lilifundishwa mazoezi ya nyumbani katika vikao viwili tu. Baada ya wiki 12, kundi la kunyooshwa lilikuwa mbele ya kundi la dawa, na la mazoezi lilikaribiana na la kunyooshwa. Vikao viwili! Nauli ya mara mbili tu na mkeka wa nyumbani.

Hao wanaonyoosha kwa kusomea, wanaitwa makairopraktiki, fani yao ilianzia Davenport huko Iowa mwaka 1895. Afrika Mashariki ni wachache sana, utawapata miji mikubwa na bei zao si za mwanafunzi. Kama unakwenda, uliza amesomea wapi na miaka mingapi, na mwambie wazi kama hutaki shingo izungushwe kwa ghafla. Ana njia nyingine za kukutibu. Anayekuuzia kifurushi cha mara 30 siku ya kwanza, mpungie mkono.

Daktari sasa. Kama wiki mbili tatu zimepita na huoni nafuu, au maumivu yanashuka mkononi na vidole vina ganzi, kama yule dada wa Tanga, anza na daktari wa kawaida wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Usimdharau tabibu wa zahanati pia: kupima homa, presha, nguvu za mikono na kukuandikia rufaa anaweza. Mfumo wetu unapanda ngazi, zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, taifa, na mwenye kadi ya bima anayeruka ngazi bila barua ya rufaa anaweza kujikuta analipa mwenyewe. Dharura peke yake ndiyo haina ngazi. Dada wa Tanga, neva yako huenda inabanwa pale inapotokea shingoni. Inatisha ukiisikia, lakini wengi hupata nafuu kwa wiki na miezi bila kisu. Kinachobadilisha mambo ni NGUVU. Ganzi peke yake inaweza kufuatiliwa taratibu; mkono ukianza kuishiwa nguvu, rudi hospitali usisubiri tarehe ya kliniki.

Bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa mishipa ya fahamu ni wa mwisho kwenye foleni, kwa waliopata ajali, wanaopoteza nguvu, wenye uvimbe au waliojaribu mengine yote yakashindikana. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo kubwa nchini kwa mambo haya, na hospitali za kanda kama KCMC na Bugando zina mabingwa wake.

Kuhusu MRI, ambayo kila mtu anaitaka. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha picha za MRI za shingo za watu 1,211 WASIO na maumivu yoyote. Karibu tisa kati ya kumi walikuwa na diski iliyotutumka, na hata vijana wa miaka ya ishirini wengi wao walikuwa nayo. Kwa hiyo ukipigwa picha leo, uwezekano wa kuambiwa "diski imetoka kidogo" ni mkubwa, na huenda haihusiani kabisa na kinachokuuma. Utatoka na hofu na deni. Picha iagizwe na aliyekupima kwa mikono akashuku kitu fulani.

Popote utakapokwenda, dakika zako mbele ya daktari ni chache, andika kabisa kwenye karatasi: imeanza lini, ulikuwa unafanya nini, inakwenda mpaka wapi, usiku inakuwaje, umemeza nini na kiasi gani. Tiba asili uliyotumia nayo itaje, hata akikunja uso.

Na wewe wa Sinza: huna homa, hukuanguka, mikono ina nguvu, imeanza baada ya wiki ya kuhariri video usiku. Siku tatu za maji ya moto na panadol, pandisha monita juu ya boksi la CPU ifike usawa wa macho, inuka kila nusu saa. Isipolegea wiki ya pili, fiziotherapia hospitali ya Mwananyamala.

Wa mikoani naomba msaada wenu: mlioko Kigoma, Mtwara, Songea na Bukoba, andikeni hapo chini kama hospitali yenu ina mtu wa fiziotherapia, kliniki yake ni siku gani, na kama anapokea bila barua. Kaka wa Mwanza, nawe tuambie shingo imefikia wapi.